Shilingi Tano ya 1972: Uchambuzi wa Albamu Iliyobakiza Kijifuko Kimoja

Mwenye kisa ni dereva mstaafu wa malori, mkazi wa Bombo, Uganda, umri umeshapita sabini. Mtaani anaitwa Hajji, nami nitamwita hivyo hivyo. Ana albamu moja tu ya sarafu. Ameijenga mwenyewe kwa kurasa za plastiki zenye vijifuko, na kila kijifuko amekiandikia lebo kwa kalamu nyeusi: thamani, mwaka, na mji alikoipata sarafu.

Albamu inaanza mwaka 1966, Benki ya Uganda ilipofunguliwa na shilingi yetu ikaachana na ile ya Afrika Mashariki. Kuna senti 5, 10 na 20 za shaba, kisha senti 50, shilingi 1 na shilingi 2 nyeupe zenye korongo. Inafuata sarafu kubwa ya shilingi 5 ya 1968 yenye ng'ombe na ndama wake, iliyotolewa kwa ajili ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo Hajji aliirithi kwa mama yake. Halafu za 1987. Halafu za 1998 zenye wanyama, fahali wa Ankole kwenye 100 na samaki kwenye 200. Mwisho ni ile ya shilingi 1,000 ya mwaka 2012, ya miaka 50 ya uhuru. Sharti lake ni moja: sarafu iwe imetengenezwa ili watu wanunulie chumvi na mafuta ya taa. Kwa sharti hilo ameziacha nje zile za fedha na dhahabu za mwaka 1969, zilizotolewa Papa Paulo VI alipokuja Uganda. Ng'ombe wa 1968 ndiye pekee aliyepitishwa kwa huruma, kwa sababu ya marehemu mama.

Kati ya 1968 na 1987 kuna kijifuko kimoja kitupu. Lebo yake ipo tayari: 5/= 1972.

Mpwa wake anayefanya kazi Kampala alimtafutia mtandaoni, akaipata kwa muuzaji mmoja wa Ulaya. Ukijumlisha bei na gharama ya kuisafirisha, unapata karo ya muhula mzima ya mjukuu wa Hajji, binti aliye sekondari na ambaye ndiye atakayeachiwa albamu. Zote nyingine zilizomo, ukiziuza kwa pamoja, hazifikishi kiasi hicho. Hajji akanipigia simu. Hakuuliza kama sarafu ni ya kweli wala kama bei ni ya haki. Aliuliza hivi: "Mwanangu, mtu akikosa moja, na hiyo moja inataka pesa kuliko zote, afanyeje?"

Nimelifuatilia jambo hili tangu simu ile mpaka lilipofikia uamuzi, na nalieleza lote kwa sababu wakusanyaji wengi wa huku kwetu wamekwama mahali hapo hapo.

Kwanza lazima tuelewe kwa nini sarafu hii ni ngumu, maana hapo ndipo hesabu za watu wengi hupotea. Shilingi tano ya 1972 ni ya pembe saba, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukifungua katalogi utakuta zilitengenezwa 8,000,000. Hajji alipoisoma namba hiyo miaka ya nyuma alitulia kabisa. Milioni nane! Alijua ipo siku moja itatokea tu kwenye kopo la mtu. Kumbe karibu zote ziliondolewa na kuyeyushwa. Katalogi ilimpa namba ya zilizozaliwa, naye alihitaji namba ya zilizobaki hai.

Tuiweke karibu na sarafu ambayo kila mkusanyaji wa Marekani huitaja, ile senti ya Lincoln ya 1909 yenye alama ya S ya kiwanda cha San Francisco na herufi VDB za mchongaji wake. Zilitengenezwa 484,000 tu. Ndiyo inayowakwamisha wenye albamu za senti kule, na bei yake inajulikana kila kona. Lakini pale ilipotoka tu, watu waliziweka, kwa hiyo mwenye pesa mkononi ataikuta sokoni siku yoyote ya mwaka. Yetu ilitengenezwa mara kumi na sita ya hiyo, na bado unaweza kukaa miaka usiione kwa macho. Wa Marekani anachokosa ni pesa. Wa Bombo anaweza kuwa na pesa na bado asiwe na mahali pa kuipeleka. Ndiyo maana muuzaji mmoja akijitokeza, bei anaipanga yeye.

Upande mwingine wa mizani upo vilevile. Mpwa alipolipekua kopo la Hajji alikuta senti 10 kadhaa za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII. Akafurahi sana. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, Januari hadi Desemba 1936, kisha akaachia kiti, na sarafu zake Uingereza kwenyewe hazikuingia kwenye matumizi ya kawaida. Mpwa akaona pesa ya shilingi tano ndiyo hii imepatikana. Ilibidi nimvunje moyo. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu katikati, hivyo hazikuwa na sura ya mfalme, jina lake tu. Hapakuwa na haja ya kusubiri picha ichongwe, na viwanda vikazitoa kwa wingi mwaka ule ule. Zimejaa tele mpaka leo, bei yake ni ya chini. Mfalme adimu, sarafu ya kawaida. Na hii ya 1972 ni kinyume chake: fungu la kawaida kabisa la matumizi ya sokoni ambalo karibu lote liliishia tanuruni.

Kuna hoja niliyoiweka mbele ya Hajji mapema, kwa nia njema. Kama albamu yako ni ya pesa zilizotumika, na hii karibu yote iliyeyushwa, si uiondoe tu kwenye orodha? Ufute lebo, albamu imekamilika leo, karo ibaki salama. Wapo wanaofanya hivyo, nami siwalaumu. Kila mtu ndiye mwenye kuiwekea albamu yake mipaka. Hajji alikataa, na sababu yake niliikubali. Alisema milioni nane si idadi ya zawadi za wageni. Hizo zilikusudiwa nauli na unga. Jirani zetu walikuwa na zao miaka hiyo hiyo: Tanzania ilikuwa na shilingi tano ya pembe kumi, Kenya ikatoa ya pembe tisa mwaka 1973. Yetu ilikuwa ikamilishe ngazi ya pesa ya chuma kutoka senti 5 kwenda juu. Mtoto akifungua albamu akaona 1968 kisha 1987, bila hata kijifuko kitupu cha katikati, atadhani hapakuwa na jaribio lolote. Kwa hiyo lebo ikabaki.

Sasa tuje kwenye nafasi zilizojitokeza, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuja kwa WhatsApp. Kijana mmoja wa Kampala, rafiki wa rafiki, alisema anayo "faifu ya zamani ya Uganda, yenye pembe", bei nafuu kabisa, ila atumiwe kwanza nusu kwa simu ili amzuilie mteja mwingine. Picha ilikuwa ya upande mmoja, wenye ngao ya taifa, na kidole kimefunika sehemu ya chini. Nilimwomba picha ya upande wa pili na ya ukingo. Ikaja baada ya kusumbuana: mwaka uliosomeka ulikuwa 1987. Sikuona sababu ya kumwita tapeli. Huenda kwake ya zamani ni ya zamani tu. Zipo shilingi tano za Uganda za 1968, 1972 na 1987, na hata Kenya ina yake ya pembe saba ya mwaka 1985, ambayo kwenye picha yenye giza inaweza kumchanganya mtu. Lakini ombi la kutumiwa pesa kabla ya picha ya pande mbili linatosha kuikata biashara, hata sarafu ikiwa ya kweli. Hapo hatukukaa sana.

Ya pili ni ile ya Ulaya. Sarafu safi, imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki na kampuni ya kupima daraja za sarafu, wale wanaotoa alama kwa kipimo cha 1 hadi 70. Ubora wake sikuwa na shaka nao. Kasha la namna hiyo likitoka kwa kampuni inayotambulika kama PCGS au NGC, namba yake unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao, na hata ukitaka kuuza baadaye hutabishana na mtu kuhusu uhalisi. Mpwa alisimama upande huu kwa nguvu zote. Hoja yake: nunua bora mara moja, usinunue hafifu mara mbili. Ni hoja ya mtu mwenye akili. Lakini ilikuwa na vikwazo viwili. Kodi ya forodhani huijui kwa uhakika mpaka mzigo ufike, kwa hiyo bei unayoiona si ya mwisho. Na pesa hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari, yaani shule ya binti. Hajji ana mapato ya vyumba viwili vya kupangisha na pensheni kidogo. Kila mwezi huweka kando kiasi cha sarafu, lakini kiasi hicho kingechukua miaka kufikia bei ya Ulaya.

Hapo ndipo likaja suala la kuuza. Hajji ana kitu kimoja nje ya albamu ambacho wengi wangekitolea macho: florini ya fedha ya mwaka 1920, ya babu yake. Florini ilichukua nafasi ya rupia hapa Afrika Mashariki, nayo haikudumu hata miaka miwili. Mwaka 1921 ikaja shilingi, florini moja kwa shilingi mbili, na florini nyingi zikakusanywa na kuyeyushwa. Mpwa alipendekeza iuzwe ili kujazia. Niliipima na kuitazama. Ni gramu 11.66 za fedha ya nusu kwa nusu, kwa maana kwamba fedha halisi ndani yake haifiki hata gramu 6. Ina alama ya H ya kiwanda cha Heaton, Birmingham, kilichotengeneza fungu kubwa kuliko wenzake, na uso wake umesuguliwa na miaka. Ingeleta kitu, lakini sehemu ndogo sana ya kilichohitajika. Nilimwambia Hajji wazi kwamba asiiuze. Kuondoa nyumbani sarafu moja iliyonusurika tanuru ili kupunguza kidogo deni la nyingine iliyonusurika tanuru ni hasara ya pande zote mbili. Na kuhusu zile shilingi moja na senti hamsini za ziada alizonazo kwenye ndoo, hizo hazina mnunuzi wa maana. Tarehe 15 Mei 1987 pesa ya zamani ilipobadilishwa, 100 kwa 1, na bado ikakatwa asilimia 30 juu yake, sarafu za zamani zilibaki vyuma vya kuchezea watoto. Kila nyumba kongwe ina kopo lake. Usitegemee ziada ya vitu vya kawaida igharamie kitu adimu. Nimeona watu wakipanga hivyo, ndoo inajaa na kijifuko kinabaki kitupu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Mama mmoja wa Arua, kaskazini mwa nchi, mfanyabiashara wa shanga na mapambo, alikuja Kampala na mzigo wake. Miongoni mwa shanga alikuwa na mkufu wa kitoto wenye sarafu nyeupe ya pembe saba, imetobolewa karibu na ukingo, juu ya kichwa cha ndege. Fundi saa mmoja wa Old Kampala, anayemjua Hajji kwa miaka, aliuona akapiga simu. Tulikutana dukani kwa fundi, mchana, mlango wazi.

Hajji alianza kwa salamu na habari za watoto, akachukua muda. Kisha akauliza, "Dada yangu, hii imetoka wapi?" Mama akasema aliinunua pamoja na vitu vya bibi mmoja aliyefariki, na kwamba hajui lolote zaidi ya kuwa watu wawili wameshaiulizia, kwa hiyo anajua ina bei. Sikumlaumu. Akataja kiasi kilichozidi nusu ya bei ya Ulaya.

Kabla ya kuzungumza pesa, tuliipima. Hapa naomba nieleze polepole, kwa kuwa vifaa vyote ni vya kawaida na yeyote anaweza kufanya.

Sumaku kwanza. Mchanganyiko wa shaba na nikeli wa sarafu hizi hauvutwi na sumaku. Haikuvutwa. Hiyo imeondoa chuma, haijathibitisha kitu kingine.

Kisha uzito. Na hapa kuna mtego: sarafu iliyotobolewa ni lazima iwe nyepesi kuliko katalogi inavyosema, kwa kuwa kipande kimetoka. Ukipima ukaona imepungua, hujui kama ni tundu au ni bandia. Mizani peke yake haitoshi. Tukatumia maji. Fundi ana mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tulipima sarafu ikiwa kavu, tukaandika. Tukaweka glasi ya maji juu ya mizani, tukairudisha mizani kwenye sifuri. Tukaifunga sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, tukaizamisha yote ndani ya maji ikining'inia, isiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea hapo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ukigawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, unapata uzito wa madini kwa kila sentimita ya ujazo. Madini ya shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Chuma hutoa karibu 7.8, zinki karibu 7.1, risasi zaidi ya 11. Tundu halibadilishi jibu hata kidogo, kwa sababu lililopungua kwenye uzito limepungua pia kwenye ujazo. Mara ya kwanza tulipata jibu la chini kidogo, fundi akaona viputo vya hewa vimeng'ang'ania kwenye herufi. Tukaongeza tone la sabuni ya maji, tukavipangusa kwa brashi, tukarudia. Jibu likaja 8.9.

Bado nilikuwa na wasiwasi mmoja. Shaba tupu nayo hutoa karibu 8.9, na mtu anaweza kuipaka nikeli juu. Kwenye sarafu nzima ungetafuta pembe iliyosuguliwa ili uone kama wekundu unachungulia. Kwetu palikuwa na njia bora zaidi. Fundi alisafisha ndani ya lile tundu kwa kijiti cha meno, akaingiza taa, akatazama kwa lenzi yake, akanipa na mimi. Ukuta wa tundu ulikuwa mweupe kutoka juu mpaka chini, wala hakuna mstari wa wekundu. Jeraha la sarafu ndilo lililotufungulia tumbo lake. Baada ya hapo tuliilinganisha ngao na maandishi ya Benki ya Uganda na shilingi moja za miaka hiyo hiyo tulizozibeba kutoka kwenye albamu. Herufi zilikuwa na kingo kali, nyayo za ndege zimechongwa safi, pembe saba zote zimesimama. Sarafu za kumimina kwenye kalibu huwa na uso wa vijishimo na herufi zilizovimba kama sabuni iliyotumika. Hii haikuwa hivyo.

Hapa niseme neno kuhusu ushauri unaorudiwa sana na wakusanyaji, kwamba anayeanza albamu anunue ile ngumu kwanza, nyingine zitamfuata. Kwa mwenye duka la kuaminika mtaani ni ushauri mzuri. Kwa hali yetu naupinga. Hajji aliweza kusema "ngao hii ni sawa" kwa sababu ameshika sarafu za mfululizo huo kwa miaka mingi, anazijua kwa kidole. Angeanza na shilingi tano ya 1972, angekuwa anatazama kitu ambacho hana cha kukilinganisha nacho. Zile za kawaida ndizo zilizomsomesha.

Basi sarafu ni ya kweli, ila imetobolewa. Mama anataka zaidi ya nusu ya bei ya nzima. Hoja yake ilikuwa moja na aliirudia kwa utulivu: "Mzee, nyingine utaipata wapi?" Ni swali zito, kwani jibu ni kwamba pengine hatuipati. Lakini uadimu ni wa aina ile ya sarafu. Bei ni ya kipande kilichopo mezani. Mwenye pesa za Ulaya hataigusa iliyotobolewa hata kwa nusu. Hakuna kampuni itakayoipa daraja la kawaida. Mnunuzi pekee ni mtu kama Hajji, mwenye kijifuko kitupu na mfuko mwepesi, na watu hao huku kwetu ni wachache. Nilimweleza mama hivyo mbele ya Hajji, bila kuificha hata sehemu inayomfaa yeye, kwamba mbele ya mnunuzi wa namna hiyo sarafu yake ina thamani kuliko mapambo yoyote aliyobeba. Tulizungumza mpaka adhana ya alasiri. Walipotoka msikitini mama alikuwa ameshampigia mumewe. Wakafikia kiasi kilicho chini ya robo ya bei ya Ulaya. Akiba ya Hajji ilikitosha, karo haikuguswa. Fundi aliandika karatasi: nani kauza, nani kanunua, sarafu gani, ina kasoro gani, ilipimwaje. Wote wakatia sahihi.

Msimamo wangu katika kisa hiki ni kwamba Hajji alifanya sawasawa, na nausimamia ingawa najua wengi wanaofuata ubora wa daraja hawatakubali. Albamu yake ni kumbukumbu ya pesa iliyopita mikononi mwa watu wa nchi hii. Sarafu ya ndani ya kasha ingeeleza jinsi kiwanda kilivyoitengeneza. Hii yenye tundu inaeleza kitu ambacho katalogi haina: kwamba angalau moja ilitoka, ikafika kaskazini, mtu akaiona ni nzuri kiasi cha kumvisha mtoto shingoni. Naona hilo lina uzito kwa albamu ya namna hii. Kama ungekuwa unakusanya ili uuze, ningekuambia uiache pale pale mezani.

Mambo mawili ya utunzaji yalijitokeza siku tulipoiingiza. Hajji alitaka kuing'arisha kwa ndimu na jivu, kama mama yake alivyosafisha masufuria. Nilimzuia. Asidi na jivu hula uso wa sarafu na hakuna kinachourudisha. Tuliiosha kwa maji safi, tukaikausha kwa kuigandamiza kwenye kitambaa bila kusugua. Pili, kwenye ukurasa wa senti 20 niliona utando wa kijani wenye kunata. Hiyo ni plastiki laini ya PVC, inatoa kemikali inayoishambulia shaba. Kurasa zote za namna hiyo zikatolewa, na senti zenyewe tukazichovya kwenye asetoni halisi ya duka la kemikali, nje ya nyumba, mbali na jiko. Kurasa mpya zilimgharimu kidogo kuliko alivyohofia.

Mpwa bado hajaridhika. Anasema mjomba ametia pesa kwenye kitu kisichopanda bei, na kwamba siku ya siku binti atataka iliyo nzima. Kuhusu kupanda bei sibishani naye. Kuhusu binti, wamekubaliana hivi, na nilikuwepo: akiba ya kila mwezi inaendelea, baada ya karo, kwenye bahasha ya peke yake. Mpwa ndiye atakayeangalia soko. Ikitokea nzima, hata iliyochakaa, kwa bei isiyozidi kilichomo kwenye bahasha siku hiyo, atanunua bila kumwuliza mtu, ila ipimwe kwa maji kwanza. Ya Arua haitauzwa. Itahamia ukurasa wa nyuma pamoja na uzi wake wa shanga, ambao mama yule aliutoa bure.